Baraza la Kusadikika na Kiti cha Jimbo

Katika Kusadikika, hadithi aliyoitoa Shaaban Robert mwaka 1951, nchi iliyo angani yamshitaki mtu mmoja kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Mshitakiwa, Karama, apewa siku sita za kujitetea, na kila siku asimulia habari za mjumbe mmoja aliyetumwa na nchi hiyo kwenda kutafuta jambo la faida, akarudi nalo, akalipwa kifungo. Majina ya wajumbe hao ni mepesi vinywani mwa wanafunzi: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa, Amini. Mengi yameulizwa juu ya hadithi hii. Imeulizwa kama Kusadikika ni Tanganyika ya Waingereza, na kama Karama ni mwandishi mwenyewe. Ni nadra kusikia likiulizwa swali lililo karibu zaidi na macho: kwa nini katika wajumbe sita hapana hata mwanamke mmoja?

Jibu jepesi ni kwamba mwandishi alikuwa mtu wa zama zake. Jibu hilo halitoshi. Mwandishi huyo huyo ndiye aliyeandika Wasifu wa Siti Binti Saad, maisha ya mwanamke wa Unguja ambaye sauti yake ilitiwa katika santuri huko Bombay mwaka 1928 ikasikika pwani nzima. Aliyeyaona maisha ya mwanamke kuwa yastahili kitabu hakuwa na shaka kwamba mwanamke anaweza kusema na watu wakamsikiliza. Kilichokosekana katika Kusadikika ni njia. Mjumbe wa nchi ile hajitumi, hutumwa. Na mwenye kutuma ni yule aliyekwisha kuketi barazani. Msomaji akiangalia vema ataona kwamba hadithi hiyo, pasipo kukusudia, imetaja sababu kubwa inayofanya mabunge ya kweli yawe na wanaume wengi na wanawake wachache. Duniani kote leo wanawake ni kiasi cha 27 tu katika kila wabunge 100. Sababu haikai kwa mwanamke anayenyamaza wala kwa mpiga kura anayemkataa. Yakaa zaidi kwa mwenye kutuma.

Walakini sababu zinazotajwa mitaani ni nyingine. Husemwa kwamba wanawake ni waoga wa siasa, kwamba hawapendani, kwamba mila haziwaruhusu. Na mtu akitaka kuipa kauli yake ya mwisho heshima ya kitabu, huutaja utenzi wa Mwana Kupona binti Mshamu, uliotungwa mwaka 1858, kuwa ushahidi kwamba mwanamke wa Kiswahili alifundishwa kutii na kukaa ndani. Huu ni usomaji wa haraka. Ni kweli utenzi huo wamwusia binti awe mtiifu kwa mumewe. Lakini mwenye kuusia ni nani? Ni mwanamke mwenye elimu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu aliyepigana na masultani wa Unguja, naye atunga kwa ustadi ambao wanaume waliokuja baada yake waliufanya kipimo. Yeye mwenyewe ni hoja dhidi ya wanaomtaja. Aidha, mila inayosemwa kuwafunga wanawake haikuwazuia kuongoza vikundi vya ngoma, kusimamia harusi za siku saba, kukusanya na kugawa fedha za michango, na kutoa hukumu katika ugomvi wa mtaa. Kazi hizo ni siasa tupu, isipokuwa hazina jina hilo.

Bibi Titi Mohamed alitoka huko huko. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, na kabla ya kujulikana kwa siasa alijulikana kwa kuimba katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. TANU ilipohitaji wanawake mwaka 1955, iliwapata kwa njia ya vikundi vya namna hiyo, na Bibi Titi akawa kiongozi wa sehemu ya wanawake wa chama. Habari za kazi yake zimeelezwa kwa kirefu na Susan Geiger katika kitabu kilichotoka mwaka 1997, na jambo moja katika maelezo hayo ladumu akilini: wanawake waliingia TANU kwa maelfu katika muda mfupi, na wengi wao hawakuwa na elimu ya shule ambayo viongozi wanaume waliiona kuwa sharti la siasa. Walikuja na ujuzi wao wa kuitana. Mwenye kusema kwamba wanawake wa Tanganyika hawakupenda siasa hana budi kueleza kwanza ni nani waliojaza viwanja vya mikutano katika miaka hiyo.

Mwaka 1965 ulikuja uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja. Utaratibu wake ulikuwa huu: waliotaka kugombea walifikishwa mbele ya mkutano wa wajumbe wa chama katika wilaya, wajumbe wakawapigia kura, kisha Halmashauri Kuu ya Taifa ikachagua wawili, mmoja akapewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Mpiga kura aliwakuta hao wawili wamekwisha kutengenezwa. Bibi Titi, aliyekuwa na cheo serikalini, alishindwa katika uchaguzi ule akapoteza kiti chake. Haki yataka isemwe kwamba hata wanaume wakubwa walianguka mwaka huo, mawaziri wakiwamo, basi si vizuri kuligeuza anguko lake kuwa kisa cha uke wake peke yake. Lakini waziri mwanamume alipoanguka, aliyekiondoa kiti kwake alikuwa mwanamume mwingine, na Bunge halikupungukiwa na wanaume. Alipoanguka Bibi Titi, ilipungua sehemu kubwa ya sauti ya wanawake katika Bunge lote. Uchache una hatari hiyo: kila mmoja huwa kama nguzo, na nguzo moja ikitoka paa huinama.

Yafaa hapa kuangalia namna uchaguzi wenyewe unavyofanya kazi, maana watu wengi huuacha na kwenda kwenye tabia za watu. Jimbo la Tanzania, kama la Kenya na la Uingereza, lina kiti kimoja. Chama kikikaa kumchagua mgombea wake, kinachagua mtu mmoja, na kumchagua huyu ni kumnyima yule. Katika chumba hicho kuna mzee aliyekitumikia chama miaka ishirini, kuna mfanyabiashara aliyejenga ofisi ya kata, kuna mbunge anayemaliza muda wake na hataki kuondoka. Mwanamke akitajwa, haambiwi kwamba hafai. Huambiwa kwamba anafaa sana, ila safari hii jimbo ni gumu, asubiri. Kila jimbo husema hivyo kwa wakati wake, na kila moja lina sababu inayosikika kuwa ya busara. Mwisho wake ni Bunge ambalo hapana aliyelikusudia, nalo limejaa wanaume. Lakini mahali ambapo chama huandika orodha ya majina mengi kwa eneo kubwa, kuandika jina la mwanamke hakumfukuzi mzee. Wote wawili waingia, na orodha isiyo na mwanamke yaonekana kuwa na pengo mbele ya watu.

Hili laonekana tangu mwanzo wa habari hizi duniani. New Zealand iliwapa wanawake kura mwaka 1893, mapema kuliko nchi nyingine, na uchaguzi wake ulikuwa wa majimbo. Mwanamke wa kwanza akaingia Bunge la huko mwaka 1933. Finland ilifanya uchaguzi wake wa kwanza wa namna mpya mwaka 1907, kwa orodha, na wanawake 19 wakaingia mara moja katika Bunge la watu 200. Nchi zote mbili ziliwapa wanawake kura. Haiwezekani kusema kwamba wanawake wa Finland walikuwa hodari mara 19 kuliko wenzao.

Katika jimbo lenye kiti kimoja liko pia jambo la fedha. Kiswahili kina neno takrima, lililo ndugu wa ukarimu na ikramu, neno zuri lenye harufu ya kahawa na ubani. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilibadilishwa, na mgombea akaruhusiwa kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema kama desturi, pasipo kuhesabiwa kuwa ametoa rushwa. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikitengua kifungu hicho. Ni mara chache neno moja la adabu kufanya kazi kubwa hivyo katika sheria, na wanafunzi wa lugha wangefaidika kuifuata safari yake tangu ukumbi wa wageni hata sanduku la kura. Kwa jambo linaloangaliwa hapa yatosha kuuliza: ni nani mwenye uwezo wa kukirimu? Ni mwenye shamba lenye hati, duka, gari, na deni analoweza kukopeshwa. Mali hizo kwa desturi huandikwa kwa jina la mume, la kaka au la baba. Mwanamke amekuwa akipika pilau la takrima tangu zamani. Mwenye kulisifiwa ni mwingine. Na hata baada ya mahakama kusema neno lake, kura za maoni ndani ya vyama zimeendelea kulalamikiwa kila msimu kwa habari za fedha.

Tanzania haikukaa kimya juu ya upungufu huu. Mwaka 1985 viliwekwa viti 15 vya wanawake, na hesabu ikapandishwa hatua kwa hatua hata Katiba, kwa mabadiliko ya 2005, ikataka wabunge wanawake wa namna hiyo wasipungue 30 katika kila wabunge 100. Viti hivyo hugawanywa kwa vyama vilivyopata walau kura 5 katika kila 100, kwa kadiri ya kura hizo, na vyama hupeleka majina. Baada ya uchaguzi wa 2020 vilikuwa 113. Kwa ajili yake wanawake walizidi theluthi moja ya Bunge, hesabu ambayo nchi nyingi tajiri hazijaifikia. Lakini katika majimbo 264 ya wakati huo, wanawake walioshinda hawakufika 30. Na sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba wanawake ni zaidi ya nusu ya watu wote.

Hesabu hizi mbili zasomwa kwa pamoja mara chache, na hapo ndipo lilipo kosa la sifa zinazotolewa. Bunge lile lilikuwa kama nyumba yenye milango miwili. Mlango wa uani ulipanuliwa vema, na wanawake wengi wakapita. Mlango wa mbele ulibaki kwa upana wake wa zamani, ukalindwa na walinzi wale wale, na sasa wakiwa na udhuru mpya. Mwanamke anayetaka jimbo huambiwa kwamba wanawake wana viti vyao, basi ya nini kuwapunja wanaume? Neno maalumu, lililokusudiwa kuwa heshima, limekuwa ua. Mtaani huitwa viti vya kupewa, na lugha ya mtaa, ijapokuwa ina ukali, haikukosea sana: kitenzi ni cha kutendwa, na mtenda hakutajwa.

Isidhaniwe kwamba tofauti ya milango hiyo ni ya majina tu. Ibara ya 51 ya Katiba yataka Waziri Mkuu awe mbunge aliyechaguliwa kutoka jimbo. Mbunge wa viti maalumu, hata awe na akili kama ya Lukmani, hawezi kuteuliwa kwa cheo hicho. Mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo, uliowekwa kwa sheria mwaka 2009, husimamiwa na mbunge wa jimbo. Mbunge wa viti maalumu, ambaye huhesabiwa kuwa mbunge wa mkoa, hana mfuko wa namna hiyo. Miaka mitano ikiisha, mmoja aweza kuonyesha zahanati na kisima, na mwingine ana hotuba. Kisha wote wawili huambiwa waende wakashindane kwa haki.

Kuna swali jingine lililofichika katika viti hivi, nalo lilifichuka mwaka 2020. Wanawake 19 waliapishwa kuwa wabunge wa viti maalumu kwa jina la chama cha upinzani cha CHADEMA. Chama kikasema hakikuwapeleka, kikawafukuza uanachama. Nao wakaendelea kuwamo Bungeni, na kesi zikafuata. Makala haya hayana haja ya kuamua ni nani mwenye haki katika ugomvi huo. Maana yake kwa mhakiki ni hii, kwamba kwa muda mrefu taifa lilibishana kiti ni cha nani, cha chama au cha mwanamke anayekikalia, na katika mabishano hayo mpiga kura hakuitwa kutoa ushahidi. Asingeweza kuitwa. Hakuwamo tangu mwanzo.

Pamoja na hayo, si haki kuvidharau viti hivi. Vimekuwa shule. Halima Mdee aliingia kwa viti maalumu mwaka 2005, na mwaka 2010 akachaguliwa na watu wa Kawe. Tulia Ackson aliingia kwa uteuzi mwaka 2015, akashinda Mbeya Mjini mwaka 2020, akawa Spika tangu 2022 hadi 2025. Wengine nao walishika mlango wa mbele: Gertrude Mongella, katibu mkuu wa mkutano wa Beijing wa 1995, aliwawakilisha watu wa Ukerewe, na Anne Makinda, Spika wa 2010 hadi 2015, alikuwa mbunge wa Njombe Kusini. Kila jina katika haya lapinga uvumi kwamba wapiga kura hawamtaki mwanamke. Wakiletewa, humchagua. Taabu ni kwamba hawaletewi, na majina haya yanayotajwa kwa fahari yahesabika kwa vidole.

Wala wingi pekee haukuwa dawa. Mwaka 1998, wanawake walipokuwa wachache kuliko sasa, walishirikiana na vyama vya wanasheria wanawake na waandishi wa habari, na sheria ya makosa ya kujamiiana ikapita. Lakini Sheria ya Ndoa ya 1971, inayomruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa idhini ya wazazi, ilitamkwa na Mahakama Kuu mwaka 2016 kuwa kinyume cha Katiba katika vifungu hivyo, na serikali ikapewa mwaka mmoja kuirekebisha. Serikali ikakata rufani. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufani hiyo. Hata mwaka 2024 ulipokwisha, Bunge lenye wanawake zaidi ya theluthi moja lilikuwa bado halijaibadilisha sheria. Msichana aliyekuwa na miaka 7 siku ya hukumu ya kwanza alitimia 15 mwaka huo. Kwa nini wingi ule haukutosha? Sehemu ya jibu iko katika kiti chenyewe. Mbunge ambaye jina lake litaandikwa tena, au litafutwa, na chama chake, hupima sana kabla ya kusimama dhidi ya jambo ambalo wakubwa wa chama hawajalitaka. Mbunge wa jimbo naye humwogopa mkubwa, ila ana watu nyuma yake awezao kuwataja.

Majirani wamejaribu njia zao. Kenya, kwa Katiba ya 2010, ilisema kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa, ikaweka viti 47 vya wanawake vinavyopigiwa kura na watu wote wa kaunti. Hili la kupigiwa kura ni jambo kubwa: mwanamke wa kaunti hana haja ya kuulizwa ametoka wapi. Hata hivyo katika majimbo 290 ya mwaka 2013 wanawake 16 tu walishinda, na sheria ya kuitimiza ahadi ya theluthi mbili iliangushwa mara kwa mara Bungeni, mara nyingine kwa wabunge kutokuja tu, hata Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais mwezi Septemba 2020 alivunje Bunge. Halikuvunjwa. Rwanda imefika mbali zaidi: wabunge 51 kati ya 80 walikuwa wanawake katika uchaguzi wa 2013. Viti 24 vimewekwa kwa ajili yao, lakini 53 huchaguliwa kwa orodha za vyama, na humo pia wanawake wamo wengi. Kama sauti ya Bunge hilo mbele ya serikali ni nzito au nyepesi ni swali jingine, nalo lawahusu wabunge wanaume wa Rwanda vile vile.

Tanzania yenyewe ilikaribia kuupanua mlango wa mbele. Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilitoa rasimu mwaka 2013, na humo ilipendekezwa kwamba viti maalumu viondolewe na kila jimbo liwe na wabunge wawili, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, wote wakichaguliwa na watu wale wale. Wapo walioucheka mpango huo kwa gharama zake, na wapo walioogopa fahali wawili katika zizi moja. Lakini katika mapendekezo yote ya miaka hiyo, hili peke yake lilimgusa mwenye kutuma: lingemlazimisha mzee wa chama, katika kila jimbo, kukaa chini na kutafuta jina la mwanamke wa kumpeleka kwa watu, na lingewalazimisha watu kumpima kama wampimavyo mwenziwe. Bunge Maalumu la 2014 lilipomaliza kazi, katiba iliyopendekezwa iliyasema maneno ya usawa wa idadi, bali jimbo lenye wabunge wawili halikuwamo tena. Kura ya maoni ya wananchi juu ya katiba hiyo ilipangwa kufanywa mwezi Aprili 2015. Iliahirishwa, na mwezi Oktoba mwaka huo huo watu wakaenda kupiga kura kwa mtindo wa zamani, kila jimbo na kiti chake kimoja.